Matone ya Mama Mkwe

4 Machi

Mke wangu analalamika kwamba kila akirudi safari na kuniuliza habari za nyumbani, jibu langu ni lilelile: "Salama tu, hakuna kipya." Anasema haiwezekani mtu akae siku tatu ndani ya nyumba pasizuke hata jambo moja. Yeye ni dereva wa treni ya mizigo. Huko aendako kila mlima una kisa chake. Basi leo nimenunua daftari. Nitaandika masika haya yote, ili akirudi nisiumbuke.

Jambo la kwanza: mvua imeanza. Imeshuka mchana kwa kishindo, ikatukatia umeme, ikaondoka. Jambo la pili ndilo zito. Mama mkwe anakuja Jumamosi kukaa nasi.

9 Machi

Mama amefika, na begi moja na mwavuli mkubwa wa kiume. Huyu mama alikuwa refa wa mpira wa pete kwa miaka mingi, kwanza mashuleni, baadaye kwenye ligi, na mpaka leo anasimama kama mtu mwenye filimbi shingoni. Alinipa mkono vile refa anavyompa nahodha kabla ya mchezo: kwa heshima, na kwa onyo.

Tangu nimwoe binti yake, mwaka wa pili huu, sidhani kama tumewahi kuzungumza sentensi kumi mfululizo. Si kwamba tuna ugomvi. Tunaheshimiana mno, basi. Heshima imejaa hadi hakuna pa kupitishia neno.

Kilichomleta ni macho. Ana presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Yake yanatoka kwa shida, yanajaa, yanaubana mshipa wa kuonea. Ugonjwa wenyewe hauumi wala hauwashi. Unakula pembeni polepole, mtu anakuja kushtuka nusu imekwenda. Jicho lake la kushoto limebaki na upenyo mdogo tu, na la kulia limeanza. Dawa ni matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki.

Na mimi riziki yangu inatoka kwenye ugonjwa huohuo.

"Niliambiwa mkwe wangu ni mhandisi," Mama alisema mezani, akimwambia binti yake, si mimi. "Nikadhani anajenga madaraja."

"Anatengeneza vipete vya kuweka dawa machoni, Mama."

"Macho kama haya yangu?"

"Hayohayo."

Alinitazama kidogo, kisha akaomba chumvi.

12 Machi

Niandike kazi yenyewe, maana mke wangu naye huwa anachanganya. Kipete chetu ni cha silikoni, chembamba kama tambi. Kinakaa juu ya weupe wa jicho, kimefichwa na kope, na aliyevaa hakioni. Dawa imechanganywa humo ndani, na inatakiwa ivuje kidogo kidogo kwa miezi sita, mtu asahau kabisa habari ya matone. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaanza na kibaba kilichojaa, tunakibembeleza kitoke haba na haba.

Shida ni kwamba hakibembelezeki. Tunakitumbukiza kwenye kichupa cha maji ya chumvi yenye joto la mwili, mfano wa machozi. Kichupa kinatikiswa taratibu kutwa kucha, na kila asubuhi tunapima dawa iliyotoka. Zamani kipete kilikuwa kinamwaga dawa ya wiki nzima siku ya kwanza. Hiyo si hasara tu. Dawa hii ikizidi jichoni hupenya hadi kwenye damu na kuupunguzia moyo mapigo. Fundi wetu wa maabara anasema kipete "kimetapika". (Tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi.) Mkuu wetu, Bi Mizani, halipendi neno hilo, lakini hajatuletea jingine.

Mwaka huu tumeanza kukivisha koti: utando wa silikoni isiyo na dawa, ili dawa ipenye humo kwanza kabla ya kutoka. Kwa sasa kimetulia. Mungu atusaidie.

13 Machi

Mvua. Mama hajasema kitu.

15 Machi

Mke wangu ameondoka na treni alfajiri. Jioni tumekula wawili, mama mkwe na mimi, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Nikauliza kama chakula kina chumvi. Akasema ipo. Akauliza kama kazini ni mbali. Nikasema si mbali. Tukainuka.

18 Machi

Mvua. Koti bado linashika.

21 Machi

Chupa ya matone ya Mama imekwisha. Ilitakiwa ifike mwisho wa mwezi ujao. Tena nimeona kola ya gauni lake inalowa upande mmoja kila asubuhi.

"Mama, matone yanaingia vizuri?"

"Yanaingia."

Refa hajibu mara mbili.

23 Machi

Leo nimemwona. Sikuwa napeleleza. Nilikuwa natoka bafuni, na kioo cha ukumbini kinatazamana na mlango wa chumba cha wageni, nao ulikuwa wazi. Mama ameketi kitandani, kichwa amekilaza nyuma, mkono juu. Mkono unatetemeka. Tone la kwanza likaangukia shavuni. La pili puani. La tatu sikuliona lilikoelekea. Akafunga chupa, akajifuta kwa leso, akainuka kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Nikangoja mpaka tulipomaliza chai. Nikamwambia, kwa adabu yote niliyofundishwa na wazazi wangu, kwamba kama asingejali ningeweza kumsaidia kuyaweka.

Alizungusha kikombe chake kwanza.

"Nakushukuru, mwanangu. Lakini uso wangu haujashikwa na mwanamume tangu baba mkwe wako alipofariki. Siwezi kuanzia kwa mkwe."

Nikasema nimeelewa. Na kweli nimeelewa, ndiyo shida yenyewe.

27 Machi

Nimempeleka Mama kliniki, mvua ikitupiga njia nzima. Presha ya jicho la kulia iko juu kana kwamba hajawahi kuandikiwa dawa.

Daktari wa macho ni mwanamke wa sauti ya chini, haulizi kwa ukali. "Mama, matone unaweka?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

Wala hakudanganya, anayaweka. Daktari akanigeukia mimi. Nikalitazama bango la ukutani linaloeleza namna ya kunawa mikono, nikalisoma mpaka mwisho.

"Tukiiona hivi tena," daktari akasema, "itabidi tufikirie upasuaji. Na kwa jicho lililobaki moja, upasuaji siupendi."

Tulirudi chini ya mwavuli mmoja, kila mtu akijitahidi asimguse mwenzake. Matokeo yake tumelowa wote wawili, yeye bega la kulia, mimi la kushoto.

Jioni mke wangu, ambaye yuko safarini tena, akapiga simu kutoka stesheni ya mbali. Nikamweleza.

"Sasa kwa nini hukumwambia daktari?"

"Ningemuumbua mama yako mbele ya watu."

"Kwa hiyo umwache apofuke kwa heshima?"

Nikasikia mabehewa yakigongana nyuma yake.

"Samahani," akasema. "Hata mimi pengine ningekaa kimya. Lakini mimi niko huku, wewe ndiye uliye hapo."

29 Machi

Mvua. Mama amemimina chai pembeni ya kikombe, upande wa kushoto, akafuta meza harakaharaka kabla sijainua macho. Nilichelewa kuyainua makusudi.

2 Aprili

Leo kuna ya kuandika.

Kabla ya kuwawekea watu vipete vyenye dawa, inatubidi tujue kwanza kama kipete kinakalika jichoni. Bi Mizani akatangaza kwamba hataweka kwenye jicho la mtu kitu ambacho hajakiweka kwenye lake. Akavishwa kipete kitupu, kisicho na dawa, akaendelea kusoma karatasi zake, hata kope haikumcheza. Kimya akasema yeye macho yake alipewa na mamake na hana ruhusa ya kuyaazima. Mimi nikavaa, jicho la kulia.

Huyu mwanamke sijui ameumbwa na nini. Mimi nilihisi kama nimeingiwa na ufukwe mzima. Wanasema mtu huzoea baada ya siku mbili tatu. Nilifika nyumbani jicho jekundu, machozi yananichuruzika hadi kidevuni. Mama akanifungulia mlango, akanitazama, akanivuta mkono akaniketisha.

"Mmegombana na mwenzako?"

"Hapana, Mama."

"Usinifiche. Mtu akilia kwa jicho moja ujue anajizuia, na anayejizuia ana jambo zito."

Kabla sijajieleza alikwisha mpigia binti yake simu. "Umemfanya nini mwenzako?" Kutoka upande wa pili nikasikia mke wangu akicheka mpaka akashindwa kuongea.

Ilipoeleweka, Mama aliweka simu chini, akasimama mbele yangu.

"Hebu inua uso."

Akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuzia kwenye taa. Kwa mkono wa pili akanifuta machozi kwa leso yake, taratibu, kutoka puani kwenda nje. Mkono ulikuwa ukitetemeka, lakini ulikuwa mwepesi, sijui nisemeje, kama mkono wa mtu anayegusa kitu kinacholala.

"Umekubali uwekewe kitu jichoni na huumwi?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

"Tujue atakachosikia yule tutakayemwekea."

Akaendelea kufuta, ingawa palikwisha kauka.

"Kesho asubuhi," akasema, "kabla hujaenda kazini. Lete hiyo chupa."

3 Aprili

Tone la dawa ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote duniani, na asubuhi hii nilikishika kama nashika yai la mtu. Nilivuta kope ya chini kwa kidole. Mama alikuwa ameshikilia kiti kwa mikono miwili kama mtu anayeng'olewa jino. Tone likaingia. Halafu mgonjwa hufumba macho na kubonyezwa pembe ya jicho, karibu na pua, ili dawa isikimbilie kooni, na muda huo haongei. Kwa hiyo nilisimama pale, kidole changu usoni kwa mama mkwe, nje mvua, ndani hakuna neno.

"Limeingia," akasema alipofumbua macho.

Safari hii nilijua limeingia.

4 Aprili

Limeingia. Mvua.

7 Aprili

Jioni, akisubiri tone lake, Mama amenihadithia alivyokutana na baba mkwe. Baba huyo hakuwa anajua hata sheria moja ya mpira wa pete, lakini alikuja kila mechi, na kila Mama alipopuliza filimbi yeye alipiga makofi. Faulo, makofi. Mpira umetoka, makofi. Uwanja mzima ukimtazama. "Nikamwita pembeni nikamwambia, wewe bwana, refa hashangiliwi. Akaniambia, basi ndiyo maana nimekuja, naona hakuna mwingine anayekushangilia."

Nimesahau kabisa kwenda kulala mapema.

11 Aprili

Mke wangu amerudi. Asubuhi alichukua chupa amwekee mama yake. Mama akampokonya, akanipa mimi. "Wewe mkono wako umezoea breki."

12 Aprili

Mke wangu ananuna, nusu utani. Mvua.

18 Aprili

Mama ameniuliza leo, ghafla, huku amefumba macho na hakutakiwa kuongea: "Hicho kipete chako, mimi hakinifai?"

"Kimetengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe, Mama."

"Basi niwekeeni. Mimi maisha yangu yote ni mpira wa pete. Hii moja ndogo ndiyo itanishinda?"

Nimemwambia nitauliza. Watu wa kujitolea wa kwanza watawekewa tarehe ishirini na tisa. Nafasi moja haijajazwa. Nimelala nikiwaza hiyo nafasi.

19 Aprili

"Jamaa wa mfanyakazi haingii kwenye majaribio," Bi Mizani akasema, hajaacha hata kuandika.

"Anatimiza masharti yote mengine. Nina vipimo vyake hapa."

"Sina shaka."

"Bi Mizani, amebakiwa na jicho moja, na linakwenda."

"Najua. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Akarudi kwenye karatasi zake. Nikatoka, nikaufunga mlango kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Kimya alikuwa nje, akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Nilikuwa nimeandika hapa neno juu ya Bi Mizani. Nimelikata.

20 Aprili

Nimemwambia Mama haiwezekani. Akasema, "Haya." Jioni nilimwekea matone bila hadithi.

23 Aprili

Mvua siku ya nne bila kupumua. Kuta za maabara zinatoka jasho. Viatu vyangu havijakauka tangu Jumamosi. Sisalimiani na Bi Mizani ila kwa kichwa.

25 Aprili

Leo asubuhi Kimya amekuja mezani kwangu asiseme kitu. Nikajua kuna msiba.

Alikuwa ameshika karatasi ya vipimo. Katika vipete tulivyovitengeneza kwa ajili ya wale watu, huwa tunachukua kadhaa tunavitumbukiza kwenye vichupa, vingine vinabaki vimefungwa vikisubiri macho. Vya vichupani vyote vilikuwa vimetulia, isipokuwa kimoja. Kimoja kilikuwa kimemwaga dawa ya wiki nyingi kwa usiku mmoja.

Tukapima tena. Tukasafisha mashine, tukapima tena. Kimetapika.

Bi Mizani alikuja akasimama nyuma yetu. Nikawahi kusema. Nilisema ni kimoja tu, pengine kilikwaruzwa kwa kibanio, tukitupe, vilivyobaki ni vizima. Nilisema watu wameandaliwa, kliniki imetenga siku, tukianza upya tutasubiri mpaka lini. Nilikuwa na hoja nzuri. Zilikuwa zinatoka mdomoni zimepangwa kabisa.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hicho umejuaje kwamba ni kibovu?"

"Tumekipima."

"Na kikishapimwa kinakuwaje?"

"Kinakuwa kimekwisha. Dawa imetoka."

"Kwa hiyo vile tutakavyoviweka machoni mwa watu ni vile ambavyo hatukuvipima."

Kimya akaiweka ile karatasi mezani.

"Viko kwenye lile sanduku," akasema, bado kwa sauti yake ya kawaida. "Vyote vinafanana. Chagua kimoja umpelekee mama mkwe wako."

Nililitazama lile sanduku. Nikamwona Mama kwenye kile kiti, kaninyooshea uso wake, kafumba macho, hana wasiwasi. Nikaona moyo wake ukipunguzwa mapigo mle chumbani, sisi tukidhani amelala. Na wiki iliyopita nilisimama mbele ya huyu mwanamke nikimwomba anipe ruhusa.

Bi Mizani hakungoja niseme. Aliandika tarehe, akatia sahihi, akamwambia Kimya aviharibu vyote, kila kimoja. Kisha akavuta simu akawapigia kliniki yeye mwenyewe. Nilimsikia akisema, "Hapana, kosa si lenu. Ni letu. Waambieni tumewasumbua."

Mchana Kimya alipata tena sauti yake. Akaniambia, akiviponda vipete kwenye bakuli, kwamba Bi Mizani ana kaka yake mkubwa, mwenye ugonjwa huuhuu, anayeishi naye. "Kaka yake ndiye wa kwanza kuomba ile nafasi. Alikataliwa kabla yako. Ulidhani umeonewa peke yako?"

Jioni nilirudi ofisini kwake. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, lakini aliponiona alisema tu, "Funga huo mlango taratibu," na nikaona kwamba anajizuia kucheka.

26 Aprili

Nimemsimulia Mama yote.

"Kwa hiyo refa wenu amesimamisha mchezo."

"Ndiyo, Mama."

"Na wachezaji wamemchukia?"

"Mmoja alimchukia kidogo."

"Atazoea," akasema, akalaza kichwa nyuma.

3 Mei

Reli imesombwa. Redio imesema tu kwamba kilima kimeporomoka juu ya njia ya mizigo na hakuna mawasiliano. Treni ya mke wangu ilikuwa inatoka upande huo. Simu yake haiiti.

Nimerudi kazini mapema. Mama alikuwa amekaa karibu na redio, mikono mapajani, mgongo wima. Nilichemsha chai, ikapoa. Saa ya matone ilipofika nilikuwa nimesahau, naangalia simu.

"Lete chupa," akasema.

"Mama, tungoje kidogo tupate habari."

"Weka matone. Akirudi anikute naona."

Nilipombonyeza pembe ya jicho, machozi yake yalikuwa yanayasukuma matone nje. Ikabidi nimfute, nimwekee upya. Halafu yangu yakaanza. Tukakaa hivyo, mkwe na mama mkwe, kila mtu akimfuta mwenzake, dawa imetapakaa kila mahali isipokuwa ilikotakiwa.

4 Mei

Mzima. Amepiga kwa simu ya mkuu wa stesheni. Treni yao ilizuiwa kabla ya kufika kilimani, wamelala ndani ya kichwa cha treni. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama mama yake amewekewa matone. Mama akachukua simu akamgombeza kwa kututia wasiwasi, kisha akaingia chumba cha wageni akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu.

6 Mei

Amerudi, matope mpaka magotini. Siandiki kitu leo.

10 Mei

Tumeupata ubaya. Chini ya darubini, koti la kile kipete lilikuwa na tundu dogo kama lililochomwa na ncha ya sindano. Hewa ya maabara imejaa unyevu. Unyevu unanaswa ndani ya utando mbichi, ukiingia kwenye tanuri unageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea. Wakati wa kiangazi hatukuwahi kuliona. Sasa chumba cha kutengenezea koti kina mashine ya kukausha hewa, na kila kipete kinapita chini ya darubini kabla ya kwenda kokote. Kimya analalamika midomo inampasuka kwa ukavu. Lakini analalamika akiimba.

13 Mei

Tunachora vipimo vya kila asubuhi vya vipete vipya, na mstari umenyooka.

17 Mei

Bado umenyooka. Manyunyu tu leo.

22 Mei

Kliniki. Presha ya jicho la kulia imeshuka hadi pale daktari alipokuwa anapataka. Alipima mara mbili, akatabasamu.

"Mama, umebadilisha nini?"

Nilikwisha anza kulitafuta lile bango la kunawa mikono.

"Zamani nilikuwa nayamwaga shavuni," Mama akasema. "Mkono hautulii. Nilikudanganya. Sasa ananiwekea huyu."

Daktari akaandika. Mama akatazama mbele, kidevu juu, kama amepuliza filimbi na hataki mjadala. Njiani tulikuwa chini ya mwavuli mmoja, mvua ndogo, naye alinishika mkono kwa sababu ya ngazi. Ngazi zilipokwisha hakuuachia.

27 Mei

Mtu wa kwanza amewekewa kipete chenye dawa. Ni mwanamume fulani mwenye suti iliyopigwa pasi kama anakwenda harusini. Simjui, na sitakiwi kumjua. Sisi hatukuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye benchi la nje na Bi Mizani, tukitazama mlango.

"Kaka yako anaendeleaje?" nikamuuliza.

Hakuuliza nani ameniambia. Kimya ni mmoja tu.

"Ananiita hakimu. Kila asubuhi namwekea matone, na kila asubuhi ananiambia, hakimu, na leo umeninyima."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia atulie, tone lisimwagike."

Mlango ukafunguliwa. Yule bwana akatoka, akapepesa jicho, akatengeneza tai yake, akapita mbele yetu bila kutujua. Tulimtazama mpaka akapinda kona. Kesho watampima moyo na jicho, na keshokutwa, na wiki ijayo.

30 Mei

Yule bwana hajambo. Moyo wake unakwenda kama saa.

2 Juni

Mvua imekwisha. Leo anga lote jeupe, watu wameanika magodoro nje.

Mama ameanza kukunja nguo zake. Anasema masika yamepita, njia zimekauka, na nyumba yake haiwezi kukaa peke yake. Ameniuliza kama kule kwake namfahamu mtu yeyote wa kliniki mwenye mkono mzuri. Nikasema nitaulizia.

Jikoni mke wangu akaninong'oneza: "Mwambie abaki."

"Si umwambie wewe? Ni mama yako."

"Nikimwambia mimi, atasema nafanya wajibu. Akiambiwa na wewe, atajua ametakiwa."

Basi jioni nikachukua chupa. Kiti kilekile, kichwa nyuma, kope ya chini. Tone likaingia. Akafumba macho, nikaweka kidole pembeni ya pua yake. Nilikuwa nimepanga kusema kabla ya tone, nikaogopa. Ikanitoka wakati ule, wakati asiotakiwa kujibu.

"Mama, sisi hatutaki uende. Mimi sitaki. Kipete kitachukua miaka kabla hakijafika dukani, na nimekwisha zoea. Nikikosa kukuwekea matone sijui siku nitaianzaje."

Hakusogea. Nilihisi mshipa wa damu unampiga chini ya kidole changu, taratibu. Mlangoni mke wangu alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Nikasubiri muda wote unaotakiwa, nikasubiri na zaidi kidogo, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuuondoa mkono.

Mama akafumbua macho. Akajifuta kwa leso, akaikunja, akatazama dirishani, kulikokuwa na mwanga ambao hatukuuona tangu Machi.

"Mtanitafutia pazia zito," akasema. "Asubuhi jua linaingia sana chumbani mwangu."